Sifuri Kumi na Moja

Jumatatu, 16 Septemba 2024

Muuguzi alikuja asubuhi. Alibonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akatazama shimo lililobaki kwenye ngozi, akasema moyo umechoka kusukuma. Nilimuuliza kama nitafika Pasaka. Akanijibu nimuulize Mungu, kisha akafunga mkoba wake.

Nimemtuma binti yangu Ernestine sokoni akanitafutie daftari lenye jalada gumu. Nilikuwa mwalimu hapa Kasongo miaka thelathini na tisa, na kabla ya ualimu nilikuwa karani wa mvua kwenye stesheni ya pamba. Kuna jambo moja ninalotaka kuliandika kabla sijafa. Nitaanza nikipata nguvu.

Jumanne, 17 Septemba

Mawingu. Hakuna mvua.

Alhamisi, 19 Septemba

Nyumba yetu iko juu ya mteremko, kwenye barabara ya kwenda Lusangi. Chini yake, karibu na kijito cha Kamilenge, kuna ghala la zamani la pamba. Lilikaa miaka mingi bila paa. Mwaka huu komite ya wazazi imeweka mabati mapya na kulifanya shule ya watoto wadogo, wa miaka mitatu hadi mitano. Wako thelathini na mmoja. Toka barazani kwangu naona mlango wao na nasikia kila kitu.

Mwalimu wao ni Faida, msichana wa hapa mjini, mwenye kitambaa cha kichwani kilichobanwa vizuri na sauti isiyopanda. Hana vitabu. Anafundisha hesabu kwa hali ya hewa. Kila asubuhi anawatoa nje, wanatazama juu.

"Yassine, leo juu kuko namna gani?"

"Kuko wingu, Madamu!"

"Mawingu ngapi?"

"Moja. Lakini iko mukubwa sana, inafunika mpaka kwa bibi yangu!"

Wakacheka wote, hata mimi huku juu nilicheka mpaka nikakohoa.

Siku ya jua wanaweka punje ya mahindi chini ya ukuta. Siku ya mvua wanatazama chupa pana iliyokatwa shingo, iliyochimbiwa ardhini. Faida anasimamisha tete ndani ya maji na kulikata pale maji yalipofika. Tete hilo linaegemezwa ukutani kwenye nafasi ya siku ile. Wiki ikiisha wanauliza: lipi refu, lipi fupi, siku za jua ngapi, za mvua ngapi, zipi zimeshinda. Nilifundisha miaka thelathini na tisa na sikuwahi kufikiri hivi.

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Tete fupi kama kidole.

Ijumaa, 27 Septemba

Faida alipanda kunisalimu baada ya darasa. Alikaa chini kwenye mkeka ingawa nilimwonyesha kiti. Mkononi alikuwa na ile rejista yangu ya mvua, nakala ya miaka kumi na miwili, ambayo komite iliiazima kwangu mwezi wa sita.

"Mwalimu, nimewaonyesha watoto. Nimewaambia, huyu muzee mwenye kukaa kule juu alipima mvua kila siku, na hakuruka hata moja. Hawakuamini. Soraya ameuliza kama ulikuwa unapima hata ukiwa na homa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hata na homa."

Alifungua ukurasa mmoja, akapitisha kidole kwenye safu za wino wa buluu. Ni mwandiko mzuri. Wakati ule nilijivunia mwandiko wangu kuliko kitu chochote.

Jina lake kamili ni Faida binti Iliasi. Mama yake ni Sifa. Babu yake mzaa mama alikuwa Bulaimu, mlinzi wa ghala lile. Nimeliandika jina lake, na mkono haukuanguka.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Miguu imevimba. Sikuandika.

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo nimeshindwa kula, na Ernestine anadhani ni kwa sababu chakula changu hakitiwi chumvi.

Watoto walikuwa wanapanga ukuta wao. Faida aliuliza, "Jana, siku ya Mungu, tuweke nini?"

Yassine akapiga kelele, "Mahindi! Hakuna mvua!"

"Uliona?"

"Hapana, nilikuwa nimelala."

Ndipo yule mdogo Soraya, ambaye hajafika miaka mitano, akasimama, mikono kiunoni kama mama muuza samaki. "Hapana, Madamu. Hatukukuwa hapa. Mahindi ni ya kusema tumeona jua. Siye hatujaona kitu. Tuache wazi."

Faida alipiga makofi, na wote wakapiga makofi, na nafasi ya Jumapili ikaachwa wazi.

Nami mwaka 1978 nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nilikuwa nimesoma sekondari ya mapadri, na sikulijua hilo. Au nililijua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nitaandika sasa, maana asubuhi nimepumua vizuri.

Mwaka 1978, mwezi wa tano, mvua zilionekana zimekwisha. Siku sita mfululizo kipimo kilikuwa kikavu. Mimi nilikuwa nimependa msichana wa Kabambare, na baba yake alikuwa ametuma neno kwamba nije nijieleze, nisipokuja kuna mwingine. Kuomba ruhusa kungechukua wiki tatu. Karatasi ya nusu mwezi ilikuwa inachukuliwa tarehe 15 na msimamizi wa kampuni, aliyekuja kwa gari kutoka Kindu.

Tarehe 4 jioni nilikaa mezani, nikajaza mbele. Kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 15 niliandika sifuri, sifuri, sifuri. Kumi na moja. Kwenye safu ya maelezo niliandika: kijito kiko chini, hakuna badiliko. Nilidhani nitarudi baada ya siku nne. Nilimpa Bulaimu karatasi ile imekunjwa, nikamwambia, "Nikichelewa, mpe mkubwa." Bulaimu hakujua kusoma. Aliipokea kwa mikono miwili.

Mvua ilirudi nikiwa njiani. Kule Kabambare barabara ilikatika, na nilikwama. Huku Kasongo, tarehe 11, Kamilenge ilivuka kingo zake ikaingia ghalani mpaka madirishani. Ilibeba marobota arobaini ya pamba. Wakati ule hakukuwa na nyumba karibu, mashamba tu. Bulaimu na mkewe waliokoa walichoweza. Kisha wakafanya jambo lililowaponza: walisafisha. Siku tatu walichota matope, wakaosha sakafu, wakasugua kuta, ili mkubwa akija asikute uchafu na kusema mlinzi ni mvivu.

Msimamizi alikuta sakafu safi, marobota arobaini hayapo, na karatasi inayosema mvua haikunyesha hata tone. Na karatasi ile alikabidhiwa na Bulaimu mwenyewe.

Nilirudi tarehe 16. Waliniita ofisini. Msimamizi aliuliza, "Ni mwandiko wako?" Nikasema ni wangu. "Ulipima kila siku?" Nikasema kila siku, na kwamba niliondoka jana asubuhi baada ya kupima. Bulaimu alikuwa amesimama karibu na mlango. Alijua kwamba sikuwepo. Alinitazama, akanyamaza, kwa sababu alijua pia kwamba nikifukuzwa, ndoa yangu imekwisha. Labda alidhani nitaongea mwenyewe baadaye. Wachache waliosema wameona maji waliambiwa ni ndugu zake.

Alifungwa kwa wizi hapa hapa Kasongo. Alikufa gerezani mwezi wa kumi na mbili, kwa kuhara. Familia yake inaitwa watu wa pamba mpaka leo, na si kwa sifa.

Nimechoka. Kuna la pili, la mwaka huu, nalo ni baya zaidi kwa sababu sikuwa kijana.

Ijumaa, 11 Oktoba

La pili. Mwezi wa sita Djamali, mfanyabiashara wa vitenge na prezida wa komite, alikuja hapa na wazee wawili. Akaniuliza, "Mwalimu, weye ulikaa kule miaka mingi. Mahali pale maji inafika?" Wale waliojua wamekufa, au vita viliwatawanya. Nilibaki mimi.

Nikamwambia, "Rejista haionyeshi."

Nilijiona nimejibu bila kusema uongo. Wakaichukua, wakaisoma miaka yote kumi na miwili, wakaweka mabati.

Jumatatu, 21 Oktoba

Faida amebuni hesabu mpya. Soraya anatembea kutoka kizingiti cha mlango mpaka ukingo wa maji, na wenzake wanahesabu hatua zake. Wanajua kufika ishirini tu, kwa hiyo wakifika ishirini wanaanza upya. Leo: ishirini, na ishirini nyingine, na tatu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ishirini, na kumi na tisa.

Matete yanazidi kurefuka ukutani.

Jumatatu, 4 Novemba

Ishirini, na kumi na moja. Watoto wanafurahi kwa sababu hesabu inakuwa rahisi.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua usiku kucha na asubuhi yote. Saa sita ilikatika, na Djamali akapita kunisalimu, viatu mkononi. Alileta sukari. Niliambia nafsi yangu: sasa.

"Djamali, ile shule…"

"Ile shule, Mwalimu, ni rejista yako imetupatia! Wengine walitaka tujenge kule juu, tuanze ukuta toka chini. Nikawaambia, hapana, kuko karatasi. Karatasi haina ndugu." Akacheka, akanipiga begani polepole. "Inspekta anakuja mwezi wa kumi na mbili. Tutakuweka mbele kabisa, na kiti chako."

Nilimshukuru kwa sukari.

Jumatano, 13 Novemba

Siwezi hata kujichukia ipasavyo. Pumzi haitoshi.

Jumatatu, 18 Novemba

Ishirini kamili. Hawakuanza upya. Walishangilia kana kwamba wamefunga bao. Faida hakushangilia. Alisimama muda mrefu akitazama juu ya kijito, kule maji yanakotoka, kisha akatazama nyumba yangu. Nilirudisha uso ndani.

Jumatano, 20 Novemba

Nimemwambia Ernestine. Alikuwa ananikanda miguu. Nilimwambia yote, toka mwanzo, bila kusimama, maana ningesimama nisingeanza tena. Mikono yake iliendelea kukanda, halafu ikaacha.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Ulikuwa umekwenda kumuoa Mama."

"Ndiyo."

"Basi siye wote…" Hakumaliza. Alikwenda kunawa mikono. Alipokaa mlangoni alisema bila kunitazama, "Baba, utakufa karibuni. Miye nitabaki hapa. Nitapita sokoni mbele ya Sifa kila siku. Ungeweza kunyamaza tu, kama ulivyonyamaza."

"Watoto wako chini pale, Ernestine."

"Mvua inaweza kuacha."

"Inaweza."

Alitoka. Jioni alinipa chakula.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Hakuna darasa, kwa sababu ni mvua kubwa mno kwa watoto kutembea. Nilishukuru kama mtu aliyeachiliwa, kisha nikaona aibu. Naisubiri mvua ifanye kazi yangu.

Jumatatu, 25 Novemba

Hatua kumi na moja.

Nilipowasikia wakihesabu na kuishia kumi na moja nilimwita Ernestine. Nikasema, "Nenda kamwite Faida. Sasa, si baada ya darasa." Alinitazama. Nilidhani atakataa. Akajifunga kitenge akashuka.

Faida alikuja akihema, chaki mikononi. Nilimwambia aketi kitini. Hakuketi. Nilimwambia nikiwa nimelala, kwa maneno machache kuliko niliyoandika hapa, na nilianza na la haraka.

"Ghala lile huingia maji. Mwaka 1978 yalifika madirishani. Rejista ni ya uongo. Niliandika sifuri siku ambazo sikuwepo."

"Siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Mwezi gani?"

"Wa tano."

Nikaona anafikiri, kisha nikaona amefika. Alikuwa anakumbuka mambo aliyoyasikia nyumbani kwao tangu utoto.

"Babu alisema maji," alisema. "Mpaka anakufa alisema ni maji."

"Alisema kweli."

Hakulia, hakunitukana. Aliweka chaki kwenye meza yangu, akageuka, akashuka mteremko mbio, kitambaa kikimtoka kichwani. Nikamsikia akipiga makofi mara tatu. "Watoto! Kila mutu ashike mukono ya mwenzake! Tunapanda! Soraya, weye mbele. Tuhesabu hatua mpaka kule juu!"

Walipanda wakihesabu, ishirini na kuanza upya, ishirini na kuanza upya. Thelathini na mmoja waliingia uani kwetu. Ernestine aliwatandikia mikeka yote tuliyo nayo. Faida alipita mbele ya dirisha langu mara nyingi, na hakunisalimu.

Jumanne, 26 Novemba

Djamali alikuja na hasira iliyovalishwa heshima.

"Mwalimu, nasikia uko na homa."

"Sina homa."

"Muzee akiwa na homa anaota vitu. Hata baba yangu alisema ameona treni sokoni." Alisubiri nicheke. "Wazazi wamechanga mabati. Mabati haiwezi kuhama. Inspekta iko njiani. Na huyu musichana, unajua ni mujukuu wa nani. Watu watasema amekudanganya muzee mugonjwa ili asafishe jina ya kwao."

"Ndivyo walivyosema wakati ule pia. Kwamba walioona ni ndugu zake."

Alimgeukia Faida, aliyekuwa uani akiwagawia watoto punje za mahindi. "Madamu, kesho murudi chini."

"Hapana, Prezida."

"Nimesema murudi."

"Jana zilikuwa hatua kumi na moja. Leo asubuhi nimeshuka peke yangu, nikatembea kwa hatua ndogo kama za Soraya, ni nane. Prezida, shuka ukahesabu weye mwenyewe. Hata Yassine anajua kuhesabu mpaka nane."

"Najua mpaka kumi na mbili!" akasema Yassine.

Djamali aliondoka. Hakushuka kuhesabu, niliona. Alichukua njia ya mjini.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mama watatu walikuja kuwachukua watoto wao wakisema hawataki waketi chini kama wakimbizi. Wamebaki ishirini na wanane.

Nilipitisha siku nzima nikiwaza mambo mawili kwa wakati mmoja: maji yasije, na maji yaje ili niaminike. Naandika hili kwa sababu nilijiahidi kuandika yote.

Alhamisi, 28 Novemba

Yalikuja saa nne asubuhi.

Mvua ilikuwa imesimama, hata kajua kalitoka, na watoto walikuwa wanagombana kama waweke tete au punje. Sauti ilitoka upande wa juu wa bonde, kama lori lililobeba mawe. Kamilenge haikupanda hatua kwa hatua. Ilikuja yote pamoja, nyekundu, na migomba mizima ndani yake. Ilipiga mlango wa ghala na kuufungua. Tuliona benchi likitokea dirishani, halafu la pili, halafu matete yao ya ukutani yakaenda na maji. Mabati mapya yalibaki juu, yaking'aa.

Saa nne watoto huwa ndani, wanakunywa uji.

Soraya alisema, "Madamu, matete yetu." Akaanza kulia, na wengine wakalia kwa sababu yake. Faida alikaa chini katikati yao. Ernestine alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliweka mkono begani pangu, akauondoa haraka.

Djamali alifika mchana. Alitazama ghala kule chini. Mtoto wake wa mwisho, Elsa, ni mmoja wa wale watatu waliochukuliwa jana na mama zao. Alikuwa nyumbani, salama. Alisema, "Kama ungenyamaza mpaka mwezi wa kumi na mbili." Sikujua kama ananishukuru au ananilaani, na nadhani hata yeye hakujua.

Ijumaa, 29 Novemba

Djamali ametangaza baada ya swala, nje ya msikiti, kwamba Bulaimu hakuiba. Amesoma karatasi ya ungamo niliyoiandika na kuitia saini jana. Nimeambiwa mzee mmoja alisema, "Miaka arobaini na sita."

Jumamosi, 30 Novemba

Leo asubuhi Sifa amekuja. Alikuwa na miaka saba baba yake alipofungwa. Sasa ana mvi. Hakubisha hodi kwa sauti. Alikaa kwenye kiti, ambacho binti yake alikikataa, akaweka mikono mapajani.

Nilianza maneno niliyokuwa nimeyaandaa. Akanyanyua kidole.

"Hayo nimeyasikia jana msikitini. Miye nina swali moja. Alipokuwa gerezani, ulikwenda kumuona?"

Hili sikuliandika tarehe 10 Oktoba. Sikuliandika kwa makusudi.

"Nilikwenda mara moja. Mwezi wa kumi."

"Alikuambia nini?"

Nje Ernestine aliacha kutwanga.

"Alinishukuru. Alisema katika stesheni nzima ni mimi peke yangu niliyekuja kumtazama. Aliuliza kama ndoa imefungwa. Nikasema imefungwa. Akasema, 'Basi kitu kimoja kimekwenda vizuri.' Nilimwachia sabuni na mihogo, nikaondoka."

Uso wa Sifa ukaanza kuvunjika polepole, kuanzia kidevuni, na akaufunika kwa mtandio. Alilia bila sauti. Sikuthubutu kusema pole. Neno lile ni la watu wengine.

Alipomaliza alijifuta, akasimama, akatazama miguu yangu iliyovimba kwa muda, kama mtu anayepima.

"Nilikuja nijue kama nitakusamehe," akasema. "Sasa sijui tena. Unanisikia? Sijui. Nitakwenda nyumbani nifikiri, nitarudi kesho. Weye usikufe kwanza."

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Usikufe."

Jumapili, 1 Desemba

Nimeamka. Ernestine amenivisha shati safi na kunisogeza barazani. Mvua imekatika tangu alfajiri na njia inapitika. Ni saa tatu. Naitazama barabara.